Kamera za betri si mbovu, zinaamshwa mno

Ndugu Mhariri, assalamu alaykum.

Naomba nafasi kidogo gazetini mana hili jambo limekua wimbo huku kwetu Pemba, kila anonunua kamera ya ulinzi ya waifai, ile ya betri, haupiti muda anarudi na malalamiko ati kamera mbovu inamaliza chaji na kwenye boksi wameandika miezi 6. Mie ni fundi, nafunga hizi kamera Wete na vijiji vya jirani, na nyingi nnazoletewa wala hazina ubaya. Zinaamshwa mno tu.

Iko hivi. Kamera ya waya inarikodi masaa 24, lakini hii ya betri muda mwingi imelala. Kinachokesha ni sensa ndogo inayohisi kitu chenye joto kikipita mbele yake, na hiyo haili chaji ya kutisha. Ikihisi kitu ndo inaiamsha kamera nzima, irikodi, iwashe waifai, itume klipu, ikupigie notifikesheni kwenye simu, na ikiwa usiku iwashe na taa zake za infraredi, zile zisizoonekana kwa macho za kuonea gizani. Hapo ndo chaji inapokwenda. Sasa hiyo miezi 6 ya kwenye boksi imehesabiwa kwa kamera inayoamka mara chache kwa siku. Nyumba gani hiyo huku kwetu?

Msimu wa karafuu uliopita mzee mmoja aliniita, kamera kaifunga juu ya baraza ilinde karafuu alizoanika uwanjani. Nikafungua apu tukaangalia klipu pamoja: kuku, kuku, mtoto anafukuza kuku, bi mkubwa kaja kugeuza karafuu, kuku tena, kina mama wamekaa jamvini wanachambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, na kila mmoja akijinyoosha kamera imo inarikodi. Nyuma yao barabara, na gari ya Konde ikipita nayo imo. Mzee anasema mwanangu hii inakula chaji kuliko simu ya mwanafunzi. Nikamuuliza mzee wangu, mchana uwanja umejaa watu, kamera inamlinda nani? Na usiku karafuu zinaingizwa ndani, kwahivo pa kulindwa ni mlango wa ghala. Tukaigeuza iangalie mlango, tukaiwekea ratiba iamke magharibi ilale asubuhi, klipu tukazishusha kutoka sekunde 60 hadi 10, usikivu wa sensa tukauweka wa chini mana kuku si mwizi. Msimu ukaisha bila ya kuishusha kuichaji.

Kwahivo kabla hujatukana kamera fungua apu uone ni nini kinachoiamsha. Apu nyingi zina sehemu ya kuchora eneo, unatoa barabara, unatoa mgomba. Mgomba nausema makusudi, ukipigwa na jua majani yanapata moto na kusi ukivuma yanatikisika, sensa inadhani mtu. Na ua wa jirani utoe pia, hata kama hujali chaji, watu wana stara zao, kamera inayochungulia kwa jirani inakula betri na inakula ujirani.

La pili ni laivu, yani kuangalia kamera moja kwa moja kwenye simu. Huku kwetu nyumba nyingi zina mtu yuko Maskat au Dubai, ndo aliyetuma pesa ya kamera, na kila akipata nafasi anafungua laivu amuone mama kibarazani. Simlaumu, mapenzi hayo. Lakini laivu inaiweka kamera macho muda wote na waifai inatuma bila kupumzika, nusu saa ya laivu ni klipu nyingi mno za sekunde 10. Ampigie mama simu ya vidio tu, ile inakula chaji ya simu.

Kuna jambo wengi hawalijui, la ruta, kile kiboksi kinachotoa waifai. Tangu 2010 Pemba tunapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, alhamdulillahi tumeachana na yale majenereta, lakini kukatika kupo. Umeme ukikatika ruta inazima, kamera ya betri iko hai, na nyingi zinaanza kutafuta mtandao, zinatafuta zinakosa zinatafuta tena, na kutafuta huko kunakula chaji. Ndo unasikia mtu anasema jana ilikua asilimia 60 leo imekufa na hakuna aliyepita. Kuna vibetri vya ruta vya volti 12 vinauzwa, weka kimoja, utaona tofauti. Hali kadhalika ruta ikiwa chumba cha ndani kabisa na kamera iko nje nyuma ya kuta mbili za mawe, mtandao dhaifu unailazimisha irudie kutuma. Isogeze ruta, na tumia waifai ya 2.4 GHz sio ya 5 GHz, ile ya 2.4 inapenya ukuta vizuri zaidi.

Sola nayo watu wanaifunga vibaya. Kamera na paneli vyote vinapigwa jua juu ya bati, halafu mchana betri haijai. Betri za lithiamu nyingi hazitakiwi kuchajiwa zikishapita nyuzi 45 za joto, kamera yenye akili inakataa kuchaji, isiyokua na akili inachaji na betri inazeeka upesi. Kamera kivulini, paneli juani, waya upo kwa ajili hiyo. Paneli ilaze karibu flati, inamisha kidogo tu mvua iioshe, kwetu jua la mchana liko karibu na utosi mwaka mzima. Kivuli cha kuti moja la mnazi kinatosha kuipunguzia nguvu sana. Wa pwani muifute kwa maji yasiyo na chumvi, chumvi ya bahari inaganda.

Mwisho ni hizi betri za kununua pembeni, za 18650, zile za lithiamu za duara, zimeandikwa 9900 mAh, yani kiasi cha chaji inachobeba betri. Uongo mtupu. Betri ya saizi hiyo ya kweli kwa kawaida haivuki 3500 na ushei, na ina uzito wa gramu 45 hivi, hizi nyengine ukizishika mkononi unahisi kama tupu. Mtu anatoa betri ya asili iliyochoka anatia mbili za 9900, au mbaya zaidi anachanganya moja mpya na moja kuukuu, halafu kamera ndo inayolaumiwa.

Ombi langu kwa wenye maduka, Darajani kule Unguja mpaka huku Chake na Wete: mteja akiuliza betri inakaa muda gani msimsomee boksi. Muulizeni kwanza kamera anaitaka wapi, barabara iko umbali gani, ruta iko chumba gani, umeme kwao unakatika vipi. Anayetaka kuangalia uwanja wenye watu kutwa muuzieni ya waya, hata kama ile ya betri ina faida zaidi. Na hizo za 9900 mzitoe kwenye rafu.

Fundi kamera,
Wete, Pemba