Barua kwa wanaoturushia mbio: nimechoka kufuta daftari

Kwa Meneja wa Huduma kwa Watazamaji,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KANUNI ZA FORMULA 1 ZINAZOBADILIKA KILA KUKICHA, NA JINSI MNAVYOTURUSHIA MBIO HIZO

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa miaka mingi. Nalipa ada kila mwezi bila kuchelewa, na kwa muda wote huo hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuwaandikia. Najua kanuni za Formula 1, mbio hizi za magari, hazitungwi ofisini kwenu. Zinatungwa na Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, kwa kushauriana na wenye haki za biashara na timu zenyewe. Lakini kati ya hao wote hakuna anayepokea hela yangu na kunipa risiti. Mnaopokea ni ninyi, kwa hiyo malalamiko nayaleta kwenu, na naomba myafikishe kule ambako sauti yangu haifiki.

Nina daftari la mbio. Nililianza mwaka 2003, msimu ambao alama zilianza kutolewa kwa madereva wanane badala ya sita. Kila Jumapili ya mbio naandika kwa penseli nani ameanza wa kwanza, nani ameshinda, nani kapata alama ngapi. Mwaka 2010 mshindi alipoanza kupewa alama 25 badala ya 10, nilichora jedwali upya, na wala sikunung'unika. Mwaka 2014 wakaamua mbio za kufunga msimu kule Abu Dhabi zihesabiwe mara mbili, mshindi apate 50. Nikachora tena. Msimu mmoja tu, wakaifuta. Mwaka 2019 ikaja alama moja kwa mwenye mzunguko wa kasi kuliko wote, ili mradi awe amemaliza ndani ya kumi bora, nami nikaiongezea safu yake pembeni. Mwaka 2025 nayo ikaondolewa.

Lakini ukurasa ninaotaka muuone ni wa Julai 2021, mbio za Silverstone, Uingereza. Karatasi imetoboka pale kifutio kilipopita mara kwa mara. Ijumaa, kwenye mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia, Lewis Hamilton aliweka muda bora kuliko wote, nikaandika jina lake kwenye safu ya anayeanza wa kwanza. Jumamosi zikafanyika zile mbio fupi, ngeni kabisa wakati huo, Max Verstappen akashinda, na ikatangazwa kwamba anayehesabiwa kuwa ameshika nafasi ya kwanza ya kuanzia ni yeye. Nikafuta. Binti yangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukaa na mimi kutazama, akauliza, "Baba, kwani yule wa jana hakuwa na kasi kuliko wote?" Alikuwa nayo, mwanangu. Ila kwenye kumbukumbu za mbio hizo jina lake halipo mahali hapo.

Mwaka 2022 wakabadilisha: heshima ile ikarudi kwa mwenye muda bora wa Ijumaa, na alama za mbio fupi zikatoka kwa madereva watatu hadi wanane. Mwaka 2023 Jumamosi ikapewa mchujo wake wa pekee wa mbio fupi. Mwaka 2024 mchujo huo ukasogezwa Ijumaa, mbio fupi zikawa Jumamosi mapema, na mchujo wa mbio kuu ukafuata baadaye siku hiyohiyo. Misimu minne, ratiba tatu. Mtu aliyekosa mwaka mmoja tu akirudi anakuwa mgeni kwenye mchezo wake mwenyewe.

Ndugu Meneja, msinielewe vibaya. Si kila badiliko nalipinga. Mwaka 2018 walipoweka halo, ule upinde wa chuma juu ya kichwa cha dereva, niliuona unaharibu sura ya gari, na nilisema hivyo kwa kila aliyenisikiliza. Tarehe 29 Novemba 2020, kule Bahrain, gari la Romain Grosjean lilipasua kizuizi cha chuma, likakatika vipande viwili na kuwaka moto. Nilisimama mbele ya televisheni, mikono kichwani. Baada ya sekunde karibu 30 mtu akatoka katikati ya ule moto kwa miguu yake. Halo ndiyo iliyokizuia kile chuma kisimpate kichwani, na Grosjean mwenyewe hapo awali alikuwa miongoni mwa walioipinga. Tangu siku ile sijasema neno baya juu ya kanuni yoyote ya usalama. Baada ya vifo vya Roland Ratzenberger na Ayrton Senna kule Imola mwaka 1994 vilevile, kubadilisha mambo ilikuwa lazima, tena haraka.

Ninacholalamikia ni kanuni za kuamua nani ameshinda na kwa njia gani. Hizo ndizo zinazoguswaguswa bila kujaribiwa, zinaharibika hadharani, kisha zinawekewa kiraka, na kiraka kinazaa shimo jingine.

Chukueni mlolongo huu mmoja, maana umenigusa mimi na nyumba yangu. Agosti 2021, Spa, Ubelgiji. Mvua haikukatika. Tulingoja kwa saa nyingi, halafu magari yakazungushwa mizunguko michache nyuma ya gari la usalama, lile linaloyaongoza polepole hali ikiwa ya hatari, hakuna hata moja lililoruhusiwa kulipita jingine, na nusu ya alama zikagawiwa. Kwenye daftari langu Verstappen ana 12.5 kwa mbio ambazo hazikukimbiwa. Watu wakalalamika, na kwa haki. Msimu wa 2022 likaletwa jedwali jipya: mbio zikikatizwa, alama zipungue kulingana na umbali uliokwisha kukimbiwa. Nikalinakili jedwali lote nyuma ya jalada.

Ikafika tarehe 9 Oktoba 2022, Suzuka, Japani. Mvua tena. Ilikimbiwa mizunguko 28 kati ya 53. Nikafungua jalada, nikasoma: imevuka nusu, haijafika robo tatu, mshindi apate 19. Nikaandika 19 na kupiga hesabu: Verstappen bado hajawa bingwa. Watangazaji wenu nao wakasema hivyohivyo, hajawa. Dakika chache baadaye wakasema amekuwa, alama ni kamili, 25. Kumbe jedwali lilikuwa limeandikwa kwa ajili ya mbio zilizosimamishwa zisiendelee tena, na hizi zilikuwa zimeendelea hadi muda ukaisha. Binti yangu akageuka: "Baba, amekuwa bingwa au hajawa?" Sikuwa na jibu. Kwenye skrini Verstappen mwenyewe hakuwa nalo, alikuwa anauliza watu waliomzunguka. Bingwa wa dunia anaambiwa na mtu mwingine kwamba ametawazwa, na hana uhakika kama aamini! Mwaka 2023 wakaiandika upya kanuni ileile. Kiraka juu ya kiraka.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi natazama, macho ninayo, na kila mara naambiwa kwamba nilichokiona sicho.

Kuhusu Abu Dhabi, tarehe 12 Desemba 2021, sitaandika mengi, maana bado nikiizungumzia napandwa na presha. Kanuni ilisema magari "yoyote" yaliyozungukwa, yaani yaliyoachwa nyuma mzunguko mzima na anayeongoza, yakisharuhusiwa yatatakiwa kulipita gari la usalama. Yakaruhusiwa matano tu, yale yaliyokuwa kati ya Hamilton na Verstappen, ukabaki mzunguko mmoja, na ubingwa wa dunia ukamponyoka Hamilton ukaenda kwa Verstappen. Msimu uliofuata neno hilo likabadilishwa: kutoka "yoyote" kuwa "yote". Silabi moja imepungua, na laiti ingepunguzwa mapema, usiku ule ungekwenda kwa namna nyingine kabisa.

Wapo watakaoniambia kwamba mchezo huu umekuwa hivi siku zote. Ni kweli, na zamani kulikuwa na kanuni za ajabu kuliko hizi. Mwaka 1988 Alain Prost alikusanya alama 105 na Senna 94, na bingwa akawa Senna, kwa sababu yalihesabiwa matokeo 11 bora tu ya kila dereva kati ya mbio 16, na kwa hesabu hiyo Senna alikuwa na 90, Prost 87. Mimi naiona ilikuwa kanuni ngumu kuitetea. Lakini ilijulikana tangu mbio za kwanza za msimu. Prost aliijua, Senna aliijua, na mtazamaji mwenye penseli angeweza kuipigia hesabu yake sebuleni akapata jibu lilelile la wakubwa. Hiyo ndiyo haki ninayoidai. Nipeni hata kanuni nisiyoipenda, mradi niijue kabla gari la kwanza halijawashwa, na niikute palepale msimu ukiisha.

Yanayofanyika sasa ni kwenda na kurudi. Kuongeza mafuta katikati ya mbio kulipigwa marufuku mwaka 1984, kukaruhusiwa 1994, kukapigwa marufuku tena 2010. Mfumo wa kuzuia matairi yasiserereke ulikatazwa 1994, ukarudi 2001, ukakatazwa 2008. Mwaka 2005 walikataza kubadilisha matairi wakati wa mbio, na mwaka huohuo, Indianapolis, Marekani, matairi ya kampuni moja yakaonekana hayawezi kuhimili kona ya mwisho. Magari 14 yakaingia piti, pale pembeni yanapohudumiwa na kubadilishwa matairi, baada ya mzunguko wa kupasha moto na hayakutoka. Yakashindana sita. Watu waliokuwa wamelipa viingilio wakazomea, na kanuni hiyo haikufika 2006. Mwaka 2016 wakaleta mchujo wa kumwondoa dereva mmoja baada ya mwingine kila sekunde 90. Kule Melbourne saa ilikuwa bado inahesabu na barabara ni tupu, madereva wameshashuka. Kila mtu akaona imeshindikana, bado wakairudia Bahrain, ndipo ikatupwa. Hivi ni nani hufanya majaribio ya jiko jipya siku ya harusi?

Na Monaco mwaka 2025! Wakalazimisha kila dereva atumie seti tatu za matairi, maana yake kuingia piti mara mbili, ili mbio zichangamke. Timu zikagundua kwamba dereva mmoja akitembea polepole anamfungulia mwenzake nafasi. Tukakaa tunatazama magari yaliyo miongoni mwa yenye kasi kubwa duniani yakiburuzana kwa makusudi. George Russell alichoka kukaa nyuma ya Alexander Albon hadi akakata kona kwa hiari yake, akapewa adhabu. Nilimwelewa kabisa.

Sasa tumeingia 2026 na karibu kila kitu ni kipya kwa mkupuo mmoja: magari yamefupishwa na kupunguzwa upana, karibu nusu ya nguvu inatokana na umeme, mabawa ya mbele na nyuma yanageuka gari likiwa mbioni, na ule utaratibu wa tangu 2011 wa kufungua ubawa wa nyuma kumsaidia dereva kumpita mwenzake umeondoka. Mengine naweza kuyapenda, gari dogo nimelililia siku nyingi. Ila hapa ndipo malalamiko yanapowahusu ninyi moja kwa moja.

Mlituandaaje? Kabla ya mbio za kwanza mlituonyesha picha za magari na muziki, na mahojiano ya madereva. Sikuona dakika kumi za mtu aliyesoma kanuni akitueleza kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba hiki kimetoka, hiki kimeingia, sababu ni hii. Mnao wachambuzi wazuri, nawasikiliza na kuwaheshimu, lakini nao nawasikia wanababaika hewani kama mimi.

Tena kuna hili la kukata matangazo. Julai 2024, Spa, Russell alivuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza. Nikaandika, mkazima, mkaweka kipindi kingine. Baadaye gari lake likapimwa likakutwa pungufu kwa kilo 1.5, akaondolewa, ushindi ukaenda kwa Hamilton. Kanuni ya uzito ni ya siku nyingi na siipingi hata kidogo. Ninachopinga ni kuniaga kana kwamba mambo yamekwisha, ilhali matokeo yalikuwa bado hayajathibitishwa. Nilijua kesho yake, tena kutoka kwa binti yangu, aliyesikia kwa wenzake shuleni.

Kwa hiyo naomba mambo ambayo yako ndani ya uwezo wenu. Kila msimu ukikaribia, andaeni kipindi cha kueleza mabadiliko ya kanuni, na mkirudie pale kanuni inapoguswa katikati ya msimu. Matokeo yakiwa bado hayajathibitishwa, yaandikwe hivyo kwenye skrini, na msifunge matangazo wakati wasimamizi bado wanachunguza. Kama muda hautoshi, wekeni maandishi chini ya kipindi kinachofuata. Na mnapokaa mezani na wenye mbio kufanya upya mkataba wa haki za kurusha matangazo, wafikishieni kwamba watazamaji wanaomba kanuni za ushindani zisiguswe msimu ukiwa umeanza, isipokuwa kwa ajili ya usalama wa watu, na kwamba kitu kipya kijaribiwe kwanza kwenye madaraja ya chini, Formula 2 na Formula 3, ambayo tayari yanakimbia wikiendi hizohizo kwenye viwanja hivyohivyo.

Sidai kurudishiwa ada. Naambatanisha nakala za kurasa tatu za daftari: Silverstone 2021, Spa 2021 na Suzuka 2022, ili atakayesoma barua hii aone ni mara ngapi nimefuta. Ukurasa wa mbio zijazo nimeshauchora, na safu moja nimeiacha bila kichwa kwa sababu sijui bado itakuwa ya nini. Naomba jibu la maandishi.

Mteja wenu na mtazamaji wa mbio