Gesi ya AC haiishi, inavuja, njooni mzibe

Kwa Meneja wa Huduma,

YAH: AC YA NYUMBA NZIMA, MBEZI BEACH, KUJAZWA GESI KILA MARA BILA KUZIBWA PANAPOVUJA

Habari za kazi. Nawaandikia kwa sababu kupiga simu nimechoka, kila nikipiga naambiwa fundi anakuja, na akija anakuja na mtungi wa gesi na geji basi, anafunga, anajaza, anapitisha mkono kwenye tundu la sebuleni ananiambia dada baridi imerudi hiyo, nasaini, nalipa, anaondoka. Haupiti muda tumerudi palepale, sebule ina joto, vyumba vya nyuma hakulaliki, mashine ya nje inanguruma mchana kutwa usiku kucha haipumziki kwa sababu nyumba haifiki ile 24 niliyoiweka, na uniti za LUKU zinakwenda tu.

Jamani gesi ya AC haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikiwa ndani inabeba joto la nyumba, ikifika nje inalitoa, inarudi tena, ni ileile miaka yote. Friji langu la jikoni linafanya kazi kwa mtindo huohuo na tangu linunuliwe halijawahi kuongezwa gesi na samaki wanaganda mpaka leo. Kwahiyo AC ikipungukiwa gesi kuna sehemu inavuja, au siku ya kuifunga haikuwekwa ya kutosha, na mlioifunga ni nyie wenyewe. Mngekuwa hamkuiweka ya kutosha basi kujaza mara moja kungemaliza, haikumaliza, maana yake inavuja, na invoisi zenu zote ninazo hapa zimeandikwa "kuongeza gesi", hakuna hata moja iliyoandikwa kutafuta panapovuja.

Tena sehemu yenyewe nimeshamuonyesha fundi wenu kwa kidole. Pale bomba nene la kopa linapoingia mashine ya nje, chini ya ile sponji nyeusi, kopa imeota ukijani na kuna mafuta yameshika vumbi, ukipafuta kwa kitambaa panakuwa pasafi alafu baada ya siku kadhaa unakuta pamelowa mafuta tena. Hayo mafuta ni ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, yanatembea pamoja na gesi, yanapotokea ndipo gesi inapotokea. Nikamwambia basi paka hata povu la sabuni tuone, akaniambia hiyo ni chumvi ya bahari tu dada. Chumvi ipo kweli, huku kwetu upepo wa bahari unakula mabati na nondo za madirisha sembuse kopa na zile bati nyembamba za mashine, lakini kama chumvi inakula ndio maana pakaguliwe, haiwezi kuwa sababu ya kupaacha hivyohivyo.

Kinachoniumiza zaidi ni dari la chumba cha mama yangu mzazi. Gesi ikipungua presha inashuka kwenye koili ya ndani, yale mabomba yanayopooza hewa, koili inakuwa baridi kupita kiasi mpaka chini ya sifuri, na unyevu wa hewa ya hapa Dar mnaujua, hasa kipindi cha masika, ule unyevu ambao ulitakiwa udondoke maji kwenye trei yaende nje unagandia hukohuko. Barafu ikijaa upepo haupiti tena, kwenye matundu unasikia kama mtu anapumua kwa mbali. Alafu umeme ukikatika barafu yote inayeyuka kwa mkupuo, trei inafurika, maji yanaingia kwenye jipsamu. Hivi ninavyoandika juu ya kitanda chake kuna doa la kahawia lenye ukubwa wa sinia na pembeni ya tundu la hewa kumeanza kuota ukungu mweusi, na mama ana pumu. Nimemhamishia chumba cha watoto, watoto wanalala sebuleni.

Fundi alisema ni filta chafu. Filta chafu nayo inagandisha AC kweli, silikatai hilo, lakini filta zangu naziosha kila mwezi na yeye mwenyewe alizichomoa akazikuta safi. Na msije mkaniambia ni umeme, nyumba ina stebilaiza na kuna kifaa kinachelewesha mashine kuwaka umeme ukirudi, mlikifunga nyie.

Kitu kingine. Kibandiko cha mashine ya nje kimeandikwa R-410A. Hiyo ni mchanganyiko wa gesi mbili, R-32 na R-125, nusu kwa nusu kwa uzito, inatakiwa itoke kwenye mtungi ikiwa kimiminika na ipimwe kwa mizani kulingana na kiasi kilichoandikwa hapohapo kwenye kibandiko, pamoja na nyongeza ya urefu wa bomba. Fundi wenu hajawahi kuja na mizani. Anashika bomba kwa mkono likiwa baridi anasema imetosha. Ikiwa pungufu kompresa inaungua kwa sababu ile gesi inayorudi ndio inayoipooza, ikizidi nayo inaumia, na kompresa mpya ni pesa ambayo mimi sina. Na hiyo inayovuja haipotei bure, R-410A haitoboi ozoni lakini ikiachiwa hewani inashika joto karibu mara 2,000 ya kaboni dayoksaidi ya uzito uleule, ndio maana mwaka 2016 nchi zilikubaliana kule Kigali kupunguza gesi za aina hii. Nyie ndio wenye fani, mnatakiwa muwe wa kwanza kujali.

Ninachoomba ni kazi ifanyike inavyotakiwa. Gesi iliyobaki ivutwe iingizwe kwenye mtungi isiachiwe hewani, mabomba yajazwe naitrojeni kwa presha yaachwe tuone kama inashuka, maungio yote yapakwe sabuni, panapovuja pachomelewe upya, ivutwe vakyumu, yaani hewa yote inyonywe kwa pampu mpaka unyevu utoke, ndio gesi iwekwe kwa mizani nikiwa nimesimama hapo naona. Bomba la maji ya trei lizibuliwe na huko darini muangalie na dakti, lile bomba la kupitishia hewa, ya chumba cha mama maana nahisi ungio lake limeachia. Dari mtengeneze nyie. Na pesa za gesi nilizolipa tangu mlipoonyeshwa hiyo sehemu naomba zirudishwe, kwa sababu nilikuwa nanunua kitu kinachotoka nje fundi akifika getini.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Kimya kikizidi nitapeleka hizi invoisi na picha Tume ya Ushindani, wao ndio wanaosimamia haki za mlaji kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Siku za kazi nakuwepo kuanzia saa kumi jioni, Jumamosi nipo siku nzima. Fundi atakayekuja aje na naitrojeni, pampu ya vakyumu na mizani, na kama hana hivyo vitu naomba msimtume mpaka avipate.

Wenu mteja,
Mbezi Beach, Dar es Salaam