Kupe wa Marekani si wa kudharau

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wazazi wenzangu ambao watoto wao wanawatumia tiketi waende huko nje kuona wajukuu. Mwaka jana mwezi wa sita nilienda kwa binti yangu Connecticut, Marekani, nikakaa wiki sita. Kabla ya safari nilipita kwenye kliniki moja kuomba ushauri, wakaniambia habari za presha na kunyoosha miguu ndani ya ndege, ya wadudu hakuna aliyegusia, na mimi mwenyewe nilijua wadudu ni wa kwetu huku.

Kupe nawajua jamani. Nimekulia Mpwapwa, nimeswaga ng'ombe mpaka josho, nimeona ndama wanaisha kwa ndigana, na bibi yangu aliugua homa ya papasi, wale wanaojificha kwenye nyufa za tembe. Lakini huyu wa kule sikumjua. Jioni moja vimulimuli vilikuwa vingi mno, mjukuu akawa anavikimbiza kwenye majani marefu nyuma ya nyumba na mimi niko nyuma yake na kanga yangu. Kesho yake naoga nikapapasa nyuma ya goti, kitu kidogo kama mbegu ya mchicha, nikadhani uchafu, nikakwangua hakitoki, nikamulika na tochi ya simu nikaona vimiguu vinachezacheza.

Nikaomba mafuta ya taa kama tulivyozoea. Binti akakataa kabisa, akasema ukimpaka mafuta au ukimchoma na kiberiti anaweza kukutapikia vijidudu humohumo, akaleta kibano cha nyusi akamshika pale pale kwenye ngozi akamvuta taratibu kwenda juu. Ndo nikaambiwa kuna ugonjwa unaitwa Lyme, jina la mji wa hukohuko Connecticut, ambako mwaka 1975 akina mama walipiga kelele kwamba watoto wao wanavimba magoti bila sababu, na kidudu chenyewe kikaja kugunduliwa mwaka 1982 na mwanasayansi Willy Burgdorfer. Kupe anakipata kwa panya wa porini, na mara nyingi mpaka akunyonye zaidi ya siku nzima ndo anakuambukiza, kwa hiyo kumtoa mapema ni kila kitu. Mimi nadhani nilikuwa na mwingine ambaye sikumwona, maana siku ya tisa homa, shingo inauma, uchovu wa ajabu, nikasema hii malaria nimekuja nayo.

Hapa ndo nataka watu wanielewe. Hospitali nesi aliniangalia harakaharaka akasema hakuna alama ya Lyme kwenye ngozi. Picha walizobandika ukutani zote ni za ngozi nyeupe, duara jekundu kama shabaha. Binti akagoma kuondoka mpaka akaja daktari, akanisogeza dirishani kwenye mwanga, na kwenye paja ikaonekana, sio nyekundu, ni weusi wa zambarau kama nimejigonga, pana kuliko kiganja na ina joto. Nikapewa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, siku 14 nikapona. Je binti angekubali kuturudisha nyumbani?

Kwa hiyo naomba wanaotoa ushauri wa safari waliseme hili, na wewe mzazi ukienda kule kipindi cha joto vaa suruali ndefu, chomeka kwenye soksi, jikague kwapani, kinenani, nyuma ya magoti. Ukirudi Bongo ukapata homa na kipimo cha malaria hakioni kitu, mwambie daktari ulikuwa Marekani kwenye majani, usisubiri akuulize, hawezi kujua.

Mjukuu wangu anakaguliwa kila jioni sasa, nyuma ya masikio mpaka katikati ya mistari ya nywele alizosukwa, na nikipigiwa video swali langu la kwanza ni hilo, salamu baadaye.

Bibi wa wajukuu watatu,
Dodoma