Kikao cha Jumamosi: nafasi za uongozi

Habari za jioni, ndugu madaktari.

Tutakutana Jumamosi hii saa 10:00 jioni, nyumbani kwangu Area D, kuzungumzia nafasi za uongozi zilizo wazi kwetu tunaosomea ubingwa wa tiba ya familia, zikiwemo za AfriWon, jumuiya ya madaktari vijana wa familia barani Afrika iliyo chini ya WONCA, shirika la madaktari wa familia duniani. Wengi wetu hudhani uongozi ni wa mabingwa tu, ilhali mwenzetu aliyekaa juzi na wauguzi akapanga upya ratiba ya kliniki, hadi wagonjwa wa kisukari kutoka Chamwino wakaonwa kabla basi lao halijaondoka, huyo tayari ni kiongozi. Ninatamani sana atusimulie alivyofanya.

1. Kila mmoja aje na aya moja kuhusu kazi aliyoisimamia, tuzisahihishe pamoja, kwani maombi mengi ya nafasi hizi huandikwa kwa haraka mno.
2. Mchango wa chai ni shilingi 5,000, akabidhiwe mweka hazina.

Watakaokuwa zamu tutawatumia muhtasari. Tafadhali thibitisheni hapa kwa kuandika "Nitakuja" au "Sitakuja" kabla ya Alhamisi saa 2:00 usiku.

Asanteni sana.