Wifi yangu, hatuteseki: barua ya wazi kutoka Minnesota

Wifi yangu mpenzi,

Baada ya salamu, mimi na kakako na watoto hatujambo, baridi tu ndiyo inatuandama. Nakuandikia hadharani kwa sababu maneno uliyonitolea kwenye simu nimeshayasikia kwa wengi, na nikisema nimjibu mmoja mmoja sitamaliza. Uliona nailoni kwenye madirisha yetu, ukaniona nimevaa sweta juu ya dera na soksi ndani ya nyumba, ukamwona kakako na bakuli la uji usiku, basi ukamaka: "Marekani gani hiyo? Mnateseka na hamsemi!"

Hatuteseki, wifi. Tunabana matumizi. Tena nikikwambia kwamba nimeyapenda maisha haya, kwenye simu utacheka mpaka chaji iishe, ndiyo maana nimeshika kuandika.

Kwanza uijue baridi yenyewe. Wewe ya kwako ni ile ya Lushoto mwezi wa saba, ukapanda na koti la kuazima na bado ukarudi unapiga chafya. Hapa Minneapolis theluji huanza Novemba na iko miaka inaanguka hata Aprili. Januari 2019 kipimo kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, posta ikasimamisha kugawa barua. Mwezi wa Desemba jua linachomoza inakaribia saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja jioni limekwishazama. Mtu wa shifti ya mchana anaweza kukaa wiki nzima jua analiona kwa dirisha la kazini tu.

Sasa nyumba ya huku haikaliki bila hita, na hita inakula gesi, na gesi ina bili. Serikali ya jimbo inalijua hilo: kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili kampuni za umeme na gesi zimebanwa na sheria zisimkatie joto mtu aliyekubaliana nazo mpango wa kulipa na akaufuata. Lakini deni linabaki pale pale linakusubiri. Wapo wenzetu wanaingia mwezi wa tano bado wanalipia moto wa Januari.

Ndipo inapoingia ile nailoni uliyoicheka. Inauzwa dukani, imekunjwa kwenye boksi pamoja na gundi ya pande mbili. Unabandika gundi kuzunguka fremu ya dirisha, unatandaza nailoni juu yake, inakaa imejikunjakunja kama ngozi ya maziwa ya moto. Halafu unachukua draya ya nywele unaipitisha taratibu kuanzia pembeni. Mikunjo inajivuta yenyewe, inanyooka, mwisho ukiigonga kwa kidole inalia kama kigoma. Hewa iliyobaki kati ya nailoni na kioo ndiyo inayozuia baridi. Kabla hatujaiweka, pazia la sebuleni lilikuwa likicheza upepo ukivuma na dirisha limefungwa! Madirisha ya upande wa kusini ndiyo yanayopata jua, hayo nayafungulia mapazia mchana kutwa, jua likitua nayafunga haraka.

Na chini ya mlango wa mbele kuna mfuko mrefu nimeushona kwa kanga kuukuu nikaujaza mabaki ya vitambaa, unaziba ule mwanya. Usikasirike, lakini kanga yenyewe ni ile ya "Japo sipati tamaa sikati" uliyonitunza kwenye harusi. Ilichakaa wifi, haikuwa na hata kipande cha kujifunga. Kipande chenye jina nimekigeuza kije juu, kila mgeni anakisoma.

Mchana hita tunaiweka nyuzi 20. Hizo ni zile zile za alfajiri ya Julai hapo Tanga, unapojifunika kanga mbili na kuomba chai. Usiku tunaishusha hadi 16, kila mtu na blanketi lake. Wizara ya Nishati ya hapa inasema ukishusha joto nyuzi 4 hadi 5 hivi kwa saa 8 kila siku, unaweza kupunguza mpaka asilimia 10 ya gharama ya mwaka ya kupasha na kupoza nyumba. Kakako alibisha mwanzoni, akisema hakuvuka bahari kuja kulala na soksi. Siku hizi nikisahau kuishusha, ndiye anayeamka kuishusha.

Nguo tunaanika ndani, kwenye kichanja nyuma ya kochi. Mashine ya kukaushia inakula umeme, na hewa ya ndani wakati huu ni kavu ajabu: midomo inapasuka, ukigusa kitasa umeme unakurusha. Nguo mbichi zikikauka polepole zinarudisha unyevu. Zisizidi tu, maana mvuke ukiwa mwingi asubuhi unakuta barafu kwenye kioo, kwa ndani!

Tuje jikoni, ambako najua ndiko uliko moyo wako. Maharage makavu nayaloweka usiku, kesho yake nayatia kwenye sufuria la presha, naunga kwa tui la kopo na kitunguu na hiliki kidogo, ndiyo, hiliki, usinifundishe kupika. Kuku nanunua mzima. Siku ya kwanza anarostiwa, ya pili minofu iliyobaki inaingia kwenye pilau, mifupa inachemshwa na tangawizi na pilipili manga mpaka nyumba nzima inanukia, hapo ndipo watoto wanatoka vyumbani bila kuitwa. Mihogo tunaipata imegandishwa kwenye maduka ya Wasomali, ambao ni wengi hapa kuliko jimbo lingine lolote la Marekani. Nguru yupo pia, ila bei yake ni ya sikukuu.

Jumamosi naoka vyote kwa mkupuo mmoja, mkate wa kumimina, mkate wa ndizi, hata viazi vitamu vya kesho, ili moto wa oveni usiwashwe mara tatu. Nikishaizima, jiko linabaki na joto lake mpaka usiku, na sote tunahamia pale na madaftari. Ila sikiliza, maana najua wako watakaosoma hapa wakiwa wamefika juzi: oveni ya gesi haiwashwi kupasha nyumba joto. Ni hatari ile ile ya jiko la mkaa chumbani, inayowaua watu kwetu huko Njombe na Arusha kila baridi inapoingia, wanalala wasiamke. Moto huo unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, na hewa hiyo haina harufu. Sheria ya hapa inataka king'ora cha hewa hiyo karibu na vyumba vya kulala. Kikikosekana, mwambie mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

Makoti ni mitumba. Ulishawahi kumsikia mwenye kibanda pale soko la Karume, Dar, akilaani kufungua belo na kukuta makoti mazito ya manyoya? Basi kuna duka jirani na kwetu limejaa hayo, na sisi ndio wateja tunaoyagombania. La mtoto wa kwanza limeshashuka kwa wa pili, na bado zipu nzima.

Theluji ya mbele ya nyumba anaizoa kakako mwenyewe kwa beleshi. Jiji linakupa saa 24 baada ya theluji kukatika uwe umeshasafisha njia ya waenda kwa miguu, la sivyo wanakuja kusafisha wao na gharama ni yako. Jirani ana mashine, alishatuambia tuiazime. Kakako hataki, anasema ndiyo mazoezi yake. Tumbo halijaonyesha matokeo.

Sasa nije kwenye lile hasa. Miaka ya mwanzo tuliishi kama wengi wanaobeba boksi: yeye shifti mbili, mimi shifti mbili, hita imewashwa mchana kutwa kwenye nyumba isiyo na mtu, chakula cha kununua kwa sababu hakuna wa kupika, na hela bado hazikutosha. Nilipokaa na kalamu nikapiga hesabu, nikaona shifti yangu ya Jumamosi na Jumapili tulikuwa tunaifanya ili tulipie kutokuwepo kwetu nyumbani. Tukaiacha. Kilichoziba pengo ni hayo hayo maharage, nailoni na mitumba. Ada ya mwanao ya Januari inatoka humo humo, lakini nisingependa useme tunajinyima kwa ajili yenu. Hata kama hakuna wa kumtumia, ningekaa hivi hivi.

Nakaa nyumbani kwangu, wifi. Nje kumeshakuwa giza, hakuna pa kwenda, na hakuna anayetarajia uende. Nashona mto wa vipande vya vitenge, mtoto mdogo ananichagulia rangi, kakako anasimulia habari za wazee anaowahudumia kazini. Mambo haya Dar nisingeyapata, maana Dar kila jioni kuna kikao cha harusi.

Sisemi kila siku ni sikukuu. Februari ni mwezi mbaya, theluji imekuwa nyeusi barabarani, watu wamechokana, na mimi huwa nalia bila sababu nikisikia taarabu. Wala sipendi wanaosifia ufukara. Asiye na hela ya kulipa gesi hana cha kufurahia, na akaombe msaada wa serikali wa joto bila kuona haya, upo kwa ajili hiyo. Yako pia mambo sibani hata iweje: viatu vya theluji, glavu za watoto, vitamini D aliyotuandikia daktari, na chai. Chai ya kwangu inawekwa maziwa na viungo mpaka kijiko kishangae.

Ramadhani nayo miaka hii inaangukia baridi. Tumeshafunga saa kumi na saba za Juni, leo tunafungua kabla hatujaanza kulalamika. Na mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba, siku fupi kabisa. Anza kujipanga uje wakati huo, nikupikie. Koti nitakutafutia.

Nimesikia mtoto wa shangazi anasafiri mwezi ujao. Mpe hiliki, karafuu na mdalasini wa maganda, uufunge vizuri. Kanga mbili za pamba nzito, zile nyepesi hazifai mlangoni. Usinitumie pesa, na usimwambie Mama kwamba tunateseka. Mwambie kakako ameongezeka kilo.

Wifi yako anayekupenda