Malalamiko Kuhusu Mfumo wa Sauti Unaomtoa Dereva Macho Barabarani

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Bwana au Bibi,

Ninawaandikia kuhusu mfumo wa burudani unaoongozwa kwa sauti, ambao niliulipia zaidi ya bei ya kawaida ya gari kwa sababu moja tu: muuzaji wenu hapa Nakuru alinihakikishia kwamba dereva mwenye mfumo huo hana haja ya kuondoa mikono kwenye usukani wala macho barabarani. Nimesafiri nao hadi Kisumu na kurudi, na sina shaka kwamba unafanya kinyume cha hayo.

Njia hiyo mnaijua. Kutoka Nakuru unapanda Salgaa na Sachangwan katikati ya trela, unafika Mau Summit ambako ukungu hutanda ghafla, kisha unaingia Londiani na Kericho, ambako mvua ya alasiri ni jambo la kawaida, kabla ya kuteremkia Awasi na Ahero. Tulipokuwa mjini, mfumo ulitii kila amri. Baada ya Mau Summit nilibonyeza kitufe cha usukani, muziki ukanyamaza, nami nikaagiza, kwa maneno yaleyale ya Kiingereza yaliyomo katika kijitabu chenu, nichezewe nyimbo za benga zilizokuwa kwenye flashi. Duara dogo lilizunguka kwenye skrini kwa muda, kisha sauti ikatangaza kwamba hakuna mtandao na kunitaka nichague kwa mkono. Orodha iliyofunguka ilikuwa ya maandishi madogo, na ili niufikie wimbo ningelazimika kuisukuma kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, huku waipa zikifanya kazi na lori lililokuwa mbele yangu likiwasha taa za breki. Niliiacha ilivyo. Muziki nao haukurudi mpaka niliposimamisha gari Kericho.

Mhudumu wenu niliyempigia simu alinijibu kwamba kosa ni la kampuni ya simu, kwa kuwa sauti ya dereva hutumwa kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za mbali, ikatafsiriwe huko na kurudishwa garini kama amri. Jibu hilo siwezi kulikubali. Flashi ilikuwa imechomekwa chini ya skrini hiyohiyo, shubiri moja tu kutoka mahali ambapo amri ilihitajika. Kucheza wimbo uliomo garini, kubadilisha stesheni ya redio na kupunguza sauti si kazi zinazopaswa kungoja mtandao, na kama mliamua kuutengeneza mfumo kwa namna hiyo, mlipaswa kumweleza mnunuzi kabla hajatoa pesa zake.

Kilichonitia hofu zaidi kilitokea wakati wa kurudi, kwenye mteremko wa kutoka Sachangwan kwenda Salgaa, mahali ambapo kila mkazi wa Nakuru anajua ajali zilizowahi kutokea. Niliomba simu ipigwe kwa Atieno. Mfumo ulileta majina manne ya akina Atieno kwenye skrini bila kuyasoma, ukaniambia niguse moja. Niliponyamaza, uliuliza tena, kisha tena, kwa sauti ya juu kuliko ile ya muziki, na kitufe cha usukani hakikuweza kuuzima. Mama yangu, aliyeketi nyuma na wajukuu wake, ndiye aliyenisihi nisiiguse ile skrini, na nikamtii.

Jambo hili si la mapendeleo yangu binafsi. Mwaka 2015, utafiti wa Chuo Kikuu cha Utah uliofadhiliwa na taasisi ya usalama barabarani ya AAA nchini Marekani ulionyesha kwamba, kwa mifumo iliyofanya vibaya zaidi, akili ya dereva inaweza kubaki imetekwa hadi sekunde 27 baada ya kutoa amri ya sauti. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari huenda mita 600 katika muda huo. Hapa kwetu, dereva anayetumia simu ya mkononi gari likiwa mwendoni hutozwa faini ya shilingi 2,000. Sioni tofauti kati ya kosa hilo na kile ambacho mfumo wenu unamwamuru dereva akifanye. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu, na ulinzi wa afya na usalama wake. Katika haya yote matatu, nimenyimwa.

Kwamba mfumo hauelewi Kiswahili, hilo nililijua nilipokuwa nikinunua, na ingawa linanisikitisha silidai leo. Ninachodai ni kwamba amri za redio, flashi na sauti zifanye kazi bila intaneti, majina ya watu yasomwe kwa sauti ili dereva ajibu kwa mdomo, na mfumo unaposhindwa unyamaze na kuurudisha muziki, bila kumwagiza mtu aguse skrini gari likiwa mwendoni. Ikiwa programu haiwezi kurekebishwa, nirudishiwe kiasi chote nilichoongeza kwa ajili ya mfumo huu. Wateja wengine walionunua gari la aina hii waarifiwe pia, hasa wale wanaosafiri njia za milimani.

Niko tayari kulileta gari kwenye karakana yenu ya Nakuru siku yoyote ya kazi, na ningependa fundi wenu aandamane nami hadi Mau Summit ajionee mwenyewe. Naomba jibu la maandishi katika muda wa siku 14. Nisipolipata, nitawasilisha malalamiko haya chini ya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, Nakuru