Risala ya Wakutubi kwa Mgeni Rasmi: Askofu Ignác Batthyány na Wakfu wa Vitabu Vyake

Mhashamu Baba Askofu, Mgeni Rasmi wetu. Mkuu wa Shule. Walimu, wazazi na wanafunzi: Tumsifu Yesu Kristo!

Mhashamu, umekuja kutukabidhi vitabu ulivyokusanya miaka mingi. Historia ya shule imebandikwa pale mlangoni na kila mtu ameisoma akisubiri chai, kwa hiyo sisi wakutubi tumeomba nafasi hii tukusomee habari za askofu mwenzako aliyetoa vitabu kama wewe, na yaliyoipata zawadi yake baada ya yeye kuzikwa.

Ignác Batthyány alizaliwa tarehe 30 Juni 1741 huko Németújvár, mji ambao leo uko Austria kwa jina la Güssing. Ukoo wake ulikuwa wa makabaila wakubwa wa Hungaria. Alisomea upadri hadi Roma, akahudumu Eger, na mwaka 1780 akateuliwa kuwa Askofu wa Transylvania. Makao yake yalikuwa Gyulafehérvár, ambayo siku hizi ni Alba Iulia, nchini Romania.

Vitabu kwake vilikuwa vitendea kazi. Alitaka kuandika historia ya Kanisa la Hungaria kutoka kwenye hati zenyewe, na hati hizo zilikuwa zimetawanyika. Mwaka 1785 alianza kuchapisha sheria za kale za Kanisa la Hungaria, na mwaka 1790 akachapisha maandishi ya Mtakatifu Gerardi, askofu wa Csanád. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila miswada, yaani maandishi ya mkono ya kale, mezani.

Namna yake ya kununua inafaa kuangaliwa. Mwaka 1782 alinunua kwa mkupuo maktaba ya Kardinali Migazzi, Askofu Mkuu wa Vienna, yenye vitabu vipatavyo 8,000. Baadaye akapata na vitabu vya zamani kutoka Lőcse, mji ulioko Slovakia ya leo. Anayenunua maktaba nzima hupata na vile ambavyo asingejua hata kuviulizia. Hasara yake ni kwamba hubeba pia nakala zinazojirudia na vitabu vya kujazia rafu. Kwa hesabu yetu sisi tunaopima rafu kila siku, ukikadiria unene wa sentimita 3 kwa kitabu, vitabu 8,000 ni mita 240 za rafu. Hayo ni makabati 40 yenye ngazi sita za mita moja moja, na uzito usiopungua tani kadhaa. Sakafu ya mbao ya nyumba ya kawaida haitaki mzigo huo.

Nyumba aliipata kwa njia ya ajabu kidogo. Mfalme Joseph II alikuwa amevunja mashirika mengi ya kitawa, na kanisa la Watrinitari pale mjini likabaki bila wenyewe, likatumiwa kama hospitali ya askari. Mwaka 1792 Batthyány akapewa jengo hilo. Akaweka humo maktaba, na juu yake chumba cha kutazamia nyota, alichokiweka chini ya Kanoni Antal Mártonfi.

Katika vitabu vya Migazzi kulikuwamo nusu ya Injili ya Lorsch, iliyoandikwa Ujerumani karibu na mwaka 800. Ukiifungua unaona safu mbili za herufi kubwa za dhahabu, na kila ukurasa una fremu yake ya mapambo. Injili za Mathayo na Marko ziko Alba Iulia. Za Luka na Yohane ziko Vatikani. Majalada yake ya pembe za ndovu nayo yameachana: moja liko London, jingine Vatikani. Kurasa ni za ngozi ya mnyama, na ngozi ni kiumbe msumbufu. Unyevu ukipanda hutanuka, ukishuka hujikunja, na kila inapojikunja dhahabu iliyo juu yake hulegea na kumeguka. Ndiyo sababu vitabu vya zamani vilifungwa kwa vifungo vya chuma, kurasa zibanwe zisicheze. Kinachoua kitabu cha ngozi zaidi ni hewa inayobadilika-badilika. Ndiyo maana chumba chake huwekwa kwenye unyevu wa karibu asilimia 50, usipande wala kushuka ghafla.

Mhashamu, sasa tufike kwenye hati. Tarehe 31 Julai 1798 Batthyány alitia saini wakfu wa maktaba na chumba cha nyota. Tarehe 17 Novemba mwaka huohuo akafariki. Hati ilitaja wapokeaji wawili: Kanisa Katoliki na mkoa wa Transylvania, yaani mkoa wa kiserikali, si jimbo la Kanisa. Wakati ule huenda hakuna aliyeona tatizo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ya Romania ikaitwaa maktaba, na leo ni tawi la Maktaba ya Taifa. Mwaka 1998 serikali ikatoa agizo la kuirudisha kwa Kanisa, lakini utekelezaji ukakwama, na mwaka 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua kwamba kuliacha dai hilo lining'inie miaka 14 kulivunja haki ya Jimbo Kuu Katoliki la Alba Iulia. Neno “na” moja kwenye hati, Mhashamu, limelisha mawakili wengi.

Orodha nayo ilichelewa. Orodha iliyochapwa ya miswada ilitolewa na Antal Beke mwaka 1871, miaka 73 baada ya kifo cha mfadhili. Ya vitabu vilivyochapwa kabla ya 1501, ambavyo ni zaidi ya 500, ilitolewa na Péter Kulcsár huko Szeged mwaka 1965. Kitabu kisichoorodheshwa kikipotea, hakuna wa kusema kilikuwepo.

Kwa hiyo tuna maombi. Hati ya leo imtaje mpokeaji mmoja, na iseme vitabu vitakwenda kwa nani shule ikifungwa. Maboksi yasiingie maktaba moja kwa moja. Yakae chumba cha pembeni wiki mbili, tuyakague mchwa na ukungu, kwa sababu boksi moja lenye wadudu huambukiza rafu zote. Kisha kila kitabu kiandikwe kwenye rejista: namba, mwandishi, jina, mwaka na hali yake. Muhuri tutaugonga nyuma ya ukurasa wa jina, kamwe si juu ya picha. Na ukiweza, Mhashamu, utuongezee fedha kidogo za gundi, karatasi na makabati ya chuma, maana wafadhili wengi hutoa vitabu wakasahau rafu.

Rejista iko hapa mezani, na kalamu ipo. Tunaomba kuwasilisha.